Nafuta Niliyosema Juu ya Vidonge vya Utamu

Wale wenzangu waliohudhuria mjadala wa mwisho kabla ya likizo kubwa watakumbuka ya kuwa mimi ndimi niliyesimama kwanza upande wa kukubali. Hoja ilikuwa hii: Nyumba yenye mgonjwa wa kisukari haina haja ya sukari. Nilisema dakika saba, nikapigiwa makofi, na kura zilipohesabiwa tulishinda kwa mbali. Mwenzetu mmoja wa upande wa kupinga alisema ya kuwa sukari nayo ni dawa, lakini alipoulizwa ni dawa ya nini alishindwa kueleza, akaketi, nasi tukamcheka. Usiku ule nilikwenda kulala nikijiona mtu mkubwa.

Sasa naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nifute niliyosema. Sifuti yote, kwa kuwa mengine yalikuwa kweli na hata leo ni kweli. Lakini neno lile kubwa, ya kuwa nyumba kama yetu haina haja ya sukari, lilikuwa kosa, na mwezi wa Agosti kosa hilo lilikaribia kumwua bibi yangu. Mwenzetu yule tuliyemcheka nimekwisha mwomba radhi. Mliobaki ni ninyi mlionipa kura.

Kwanza yafaa niwaeleze habari za nyumbani. Kwetu ni Nyakabiga, na bibi mzaa mama anakaa nasi. Yeye ni mzaliwa wa Ujiji, aliletwa hapa akiwa msichana mdogo, na mpaka leo mji huu huuita Usumbura, wala hakuna wa kumgeuza. Mtaani anajulikana kwa chai yake ya tangawizi, ambayo zamani aliitia vijiko vinne vya sukari kila kikombe. Alipopimwa na kuonekana ana kisukari, daktari alimpa vidonge vya namna mbili, metformini na glibenklamidi, akamwambia apunguze sukari. Bibi akapunguza mpaka vijiko viwili, akaona amejitesa vya kutosha.

Siku za Pasaka alikuja mjomba kutoka Ubelgiji. Yeye ni mmoja wa waliosoma shule hii zamani, na hapana shaka anasoma gazeti hili, kwa hiyo nasema mbele yake: sina neno naye, alitenda kwa mapenzi. Huko Ubelgiji alikuwa amenenepa sana, akaacha mkate, viazi na bia, akatumia vidonge vya utamu badala ya sukari, akapungua kilo kumi na nne. Alipomwona mama yake anahangaika na ugonjwa, akataka naye apate faida ile ile. Alileta makopo matatu ya vidonge vya sakarini na pakiti moja ya unga wa stevia, akatukusanya sebuleni akasema, "Kuanzia leo nyumba hii iache wanga."

Bibi akashtuka. "Wanga? Nyumba yangu ina wanga?" Maana kwa watu wa Ujiji wanga ni wale watembeao usiku kwa uchawi. Tulicheka hata machozi. Mjomba akaeleza ya kuwa anasema wanga wa ugali, wa wali, wa ndizi na wa maandazi. Bibi akamtazama kwa huzuni akasema, "Afadhali hao wa usiku, maana hao sijawahi kuwala."

Lakini alikubali, kwa kuwa ni mwanawe aliyetoka mbali. Na mimi ndimi niliyepewa kazi ya kusimamia, kwa sababu nilisoma biolojia.

Nisije nikaeleweka vibaya: mashauri ya mjomba hayakuwa ya kipuuzi. Wanga ukiingia tumboni huvunjwa ukawa glukosi, nayo ndiyo sukari ya damu. Mtu ambaye mwili wake umeshindwa kuitawala sukari hiyo, akila wanga kidogo, sukari yake hupanda kidogo. Jambo hili si jipya. Mwaka 1863 mzika-maiti mmoja wa London, jina lake William Banting, alichapa kijitabu kueleza jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Na kabla ya insulini kutumika kwa wagonjwa, yaani kabla ya 1922, madaktari hawakuwa na njia kubwa kwa mgonjwa wa kisukari ila kumnyima wanga, hata wengine wakadhoofika kwa njaa. Siku hizi tena, mwaka 2019, chama cha kisukari cha Marekani kiliandika ya kuwa kupunguza wanga ndiyo njia ya chakula yenye ushahidi mwingi kuliko nyingine katika kuteremsha sukari ya damu. Basi mjomba alikuwa na watu wa kumwunga mkono.

Na vidonge navyo vilikuja wakati wake. Sote twajua jinsi sukari ilivyoadimika Bujumbura miaka hii ya karibuni, jinsi watu walivyopanga mstari mbele ya duka kwa kusikia tu ya kuwa gari limeonekana. Mama aliona Mungu ametufungulia njia. Alichukua sukari iliyobaki nyumbani, kama nusu kilo, akampelekea mama mdogo aliyekuwa amejifungua. Kopo la sukari likaoshwa likatiwa chumvi. Nalitaja kopo hilo kwa sababu nitalirudia.

Katika kujitayarisha kwa mjadala nilisoma sana habari za vitu hivi vya utamu, na nilivyosoma vilinifurahisha. Sakarini iligunduliwa mwaka 1879 huko Baltimore na mtu aliyeitwa Constantin Fahlberg, aliyetoka maabara akaenda kula bila kunawa vizuri, akaona mkate wake ni mtamu ajabu. Aspartemu iligunduliwa mwaka 1965 na James Schlatter, aliyelamba kidole ili ashike karatasi. Ya tatu, sukralosi, yasemekana ilijulikana mwaka 1976 huko London, kijana mmoja wa maabara alipoambiwa aipime, naye akasikia aionje. Mwalimu wetu wa kemia, ambaye hutufokea kila wiki tusilambe vidole, hakupenda nilipoyasema haya mbele ya darasa zima. Stevia peke yake ndiyo isiyotoka chupani: ni jani, Waguarani wa Paraguay walilijua tangu zamani, na hata karibu na kwetu, katika sehemu za Kericho nchini Kenya, wakulima wamelilima. Nilisoma pia ya kuwa katika vita vile viwili vikubwa, sukari ilipokosekana Ulaya, watu wengi walijizoeza sakarini. Nikasema mjadalani, "Ikiwa Ulaya iliishi bila sukari, Nyakabiga itashindwaje?" Hapo ndipo makofi yalipokuwa mengi.

Sasa nieleze mambo ya Agosti.

Ilikuwa alasiri, kiangazi, vumbi jingi. Mama alikuwa sokoni. Bibi alikuwa amekunywa vidonge vyake vya asubuhi kama kawaida, maana kwa vidonge vya hospitali alikuwa mwaminifu kuliko askari. Mchana alikula lengalenga na yai moja, akasema hana hamu. Mimi nilifurahi, nikaandika katika daftari langu: mchana, wanga hakuna. Saa kumi hivi aliniita. Nilimkuta ameketi mkekani, jasho linamtoka mpaka kanga imelowa, mikono inatetemeka. Akaniomba chai tamu. Kisha akaniita kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani, akaniuliza kama mtumbwi umefika.

Nilidhani ni joto na uchovu. Nilichemsha chai haraka. Alikuwa ameomba chai tamu, basi badala ya vidonge viwili nilitia vinne, nikijiona mwema. Alikunywa kikombe chote. Nilingoja apate nafuu. Hakupata. Alizidi kutetemeka, maneno yakawa yanamtoka vipande vipande, na macho yalikuwa yakinitazama bila kuniona.

Nikapiga kelele. Akaja jirani yetu, mama mmoja auzaye maandazi kando ya barabara, ambaye marehemu mumewe alikuwa na ugonjwa huo huo. Alimtazama bibi mara moja tu.

"Mmempa sukari?"

"Nimempa chai tamu, mama."

"Tamu ya nini?"

Nikamwonyesha kopo la vidonge. Hakusema neno. Alitoka mbio, nami nikasikia ndala zake mpaka kwake na kurudi. Alirudi na sukari katika kikombe cha bati, ile aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya unga wa maandazi ya kesho yake, na siku zile sukari hiyo ilikuwa mtaji wake wote. Akaikoroga kwa maji. Bibi alikuwa bado anaweza kumeza, Mungu asifiwe. Alinywa polepole, mama yule amemshika kichwa. Labda ilikuwa robo saa. Mimi niliiona siku nzima. Kisha bibi akavuta pumzi, akanitazama, akaniita kwa jina langu, akauliza kwa nini nalia.

Tulimpeleka hospitali kwa gari la jirani, wakamlaza mpaka siku ya pili. Daktari alinieleza kwa upole kuliko nilivyostahili. Glibenklamidi ni dawa inayoulazimisha mwili kutoa insulini, iwe mtu amekula au hakula. Kipimo cha bibi kilikuwa kimepangwa kwa mtu anayekula ugali mara mbili kwa siku. Sisi tukauondoa ugali, dawa tukaiacha vile vile, na hatukumwambia mtu. Sukari ya damu ikashuka, ikashuka, mpaka ubongo ukakosa chakula chake. Kwa wazee dawa hiyo huweza kukaa mwilini muda mrefu, na sukari ikishapandishwa huweza kushuka tena. Ndiyo sababu wakamlaza. Yule metformini akiwa peke yake si kawaida yake kumwangusha mtu hivyo. Aliyetakiwa kupunguzwa alikuwa mwenzake.

Nikauliza habari ya ile chai. Daktari akasema, "Ulimpa maji ya moto yenye ladha."

Neno hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Sakarini hupita mwilini na kutoka kwa njia ya mkojo kama ilivyoingia. Sifa hiyo niliisema mwenyewe mjadalani, tena kwa majivuno: haipandishi sukari ya damu hata kidogo! Sikujiuliza itakuwaje siku ile tunapotaka ipande. Ulimi wa bibi uliambiwa ya kuwa sukari imekuja, na damu yake ikaendelea kungoja.

Niliporudi shule nilifanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya tangu mwanzo, na naomba mwifuate. Kijiko cha chai cha sukari kina kiasi cha gramu 4. Bibi alikuwa akinywa vikombe vitatu kwa siku, vijiko viwili viwili. Jumla ni gramu 24. Kisha nilimwomba mama anipimie unga wa muhogo kiasi kile kile alichokuwa akimsongea bibi peke yake, nikaupima kwa mizani ya maabara, ukawa gramu 150. Unga wa muhogo, zaidi ya sehemu nne katika tano zake ni wanga. Basi sahani moja ya ugali ilikuwa na wanga zaidi ya gramu 120, na sahani mbili kwa siku zaidi ya 240. Mara kumi ya sukari yote ya chai! Na mimi nilisimama mbele ya shule nzima nikasema dakika saba juu ya zile 24, bila neno moja juu ya zile 240.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi, hata nyumbani. Baada ya mambo ya Agosti wako waliosema vidonge vya utamu ni sumu, vitupwe chooni. Wako waliosema kuacha ugali ni mambo ya Wazungu. Mimi nasema wote wawili wanampiga asiye na kosa. Vidonge havikumwangusha bibi. Wala kupunguza ugali hakukumwangusha. Kwa kweli vipimo vyake vya sukari vilikuwa vimeanza kupendeza, na daktari mwenyewe hakumrudisha katika ugali wa zamani, bali alipunguza dawa akasema tule kwa mpango, kidogo kidogo, kila siku kiasi kile kile. Kilichomwangusha ni kwamba tulidhani tumefanya badiliko dogo, kutoa sukari na kutia kidonge, ilhali badiliko kubwa lilikuwa sahanini, na badiliko kama hilo ni sawa na kubadili dawa. Mjomba hakutumia dawa yo yote. Yeye aliweza kuacha wanga Jumatatu asubuhi bila kumwuliza mtu. Bibi hakuweza, na tofauti hiyo hakuna aliyeiona.

Kosa la upande wa pili nimeliona mtaani, nalo ni la kawaida zaidi. Chakula cha wanga kidogo ni ghali. Lengalenga na sombe ni rahisi, na parachichi si haba, lakini mtu akiondoa ugali ni lazima aweke kitu cha kumshibisha, yaani mukeke, ndagala, mayai, nyama, karanga, na vitu hivyo vina bei. Kidonge cha utamu ni rahisi. Kwa hiyo watu huchukua nusu iliyo rahisi ya shauri wakaona wamelichukua lote. Nimemwona kwa macho yangu mzee mmoja, mgonjwa wa kisukari, akitia vidonge viwili katika chai yake kwa makini ya padri altareni, kisha akala nayo maandazi manne. Nilipomwuliza akasema, "Mimi sukari niliacha zamani." Na maneno yake ni kweli, sukari aliacha. Mwingine huacha sukari akatia asali, akiamini ya kuwa ya nyuki haihesabiwi, ingawa sehemu nne hivi katika tano za asali ni sukari tupu.

Tena maandishi ya pakiti yasomwe mpaka mwisho. Ile pakiti ya stevia aliyotuletea mjomba, picha ya jani kubwa mbele. Nyuma, kwa herufi za kutafutia miwani, kitu cha kwanza kilichoandikwa ni maltodekstrini. Hiyo ni wanga uliovunjwavunjwa, hutiwa ili unga uwe mwingi na uchoteke kwa kijiko, nayo hupandisha sukari ya damu upesi. Katika kikombe kimoja si kitu, lakini mwenye kuumimina kama majivu ajue. Biskuti zilizoandikwa kuwa hazina sukari bado ni unga wa ngano, na aghalabu zina maltitoli, ambayo hupandisha sukari kwa kiasi, na ikizidi humwendesha mtu chooni. Wanafunzi wawili wa bweni letu wanaweza kushuhudia hilo, siwataji.

Wengi wameniuliza habari ya saratani. Ni kweli ya kuwa mwezi wa Julai 2023 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walioko Lyon waliiweka aspartemu katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa ushahidi mdogo. Lakini wakati huo huo kamati nyingine ya wataalamu iliacha kiasi kinachoruhusiwa pale pale kilipokuwa, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 70 angehitaji kunywa chupa tisa au zaidi za soda ya namna hiyo kila siku ili apite mpaka. Sijaona mtu wa Nyakabiga mwenye fedha hizo. Lililo zito zaidi kwangu ni mwongozo wa shirika hilo hilo wa Mei 2023, uliosema ya kuwa vitu hivi visitumiwe kwa kusudi la kupunguza unene, kwa sababu walipotazama muda mrefu hawakuona faida, na kwa watu wazima wanaovitumia miaka mingi huenda kuna madhara. Mwongozo huo haukutolewa kwa ajili ya wale walio na kisukari tayari, kwa hiyo haumhusu bibi. Unawahusu ninyi wenzangu wa kidato cha juu mnaotia vidonge katika uji ili suruali ziwakae vizuri. Nanyi mna miaka kumi na minane, na uwanja wa mpira uko pale!

Basi nasimama wapi? Nasimama hapa: vidonge vina kazi moja, nayo ni kumsaidia mtu aliyezoea vijiko vinne asichukie chai yake wakati anapojifunza kunywa chai isiyo tamu. Bibi sasa hutia kimoja badala ya viwili, na kikombe cha jioni hakitii kitu, tangawizi tu. Asema ni chungu kama dawa lakini amalizapo hutafuta kingine. Na nyumba yenye mgonjwa anayetumia glibenklamidi au insulini, au dawa nyingine ya namna hiyo, haina ruhusa kukaa bila sukari ya kweli hata siku moja. Akitoka jasho la baridi, akitetemeka, akisema mambo yasiyoeleweka, apewe vijiko vinne vya chai vya sukari katika maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Baada ya dakika kumi na tano, kama hajarejea, apewe tena. Akirejea ale chakula, kisha aonwe na daktari. Asiyejitambua asitiwe kitu kinywani kamwe, akapelekwa hospitali mbio. Najua wengi wetu tuna bibi au babu wa namna hiyo nyumbani, na najua pia ya kuwa katika mjadala ule hakuna hata mmoja wetu, pamoja na mimi, aliyeyajua haya, isipokuwa mwenzetu mmoja aliyeyajua nusu.

Ninyi wazee wa shule mlioko Ubelgiji, Kanada na kwingineko, mnaotukumbuka kwa mizigo, nina ombi. Makopo ya utamu tunayo ya kutosha. Katika nafasi ya kopo moja tutieni vipande vya kupimia sukari ya damu, vile vinavyotiwa katika kile chombo kidogo cha mkononi. Kwetu vina bei, na wagonjwa wengi hupima siku ya kliniki tu. Kama tungekuwa na kipande kimoja alasiri ile, nisingemwuliza mtu kama ni joto. Tena kabla ya kuwaandikia wazazi wenu waache wanga, waulizeni kwanza ni dawa gani wanameza, na mwamwagize mtu awafikishe kwa daktari wao. Simu ya dakika tano yatosha.

Sukari ya mama muuza maandazi ilinichukua siku tisa kuilipa. Nilizunguka maduka ya Nyakabiga, Bwiza na Buyenzi, nikapanga mstari mara tatu, na mara mbili ilikwisha mbele yangu. Hakunidai. Siku nilipompelekea aliipokea, akaimimina katika kikombe kile kile cha bati, akarudisha robo yake, akasema, "Hii ni ya bibi."

Chumvi imehamishwa, na kopo limerudishiwa kazi yake. Nimefunga sukari katika vifurushi sita vya karatasi ya daftari, kila kimoja vijiko vinne, nikaandika juu ya kifuniko kwa wino mwekundu: SI YA CHAI. Kopo haliwezi kuwekewa kufuli, maana siku ya haja ufunguo hautaonekana. Jumapili iliyopita nilipewa ruhusa kwenda nyumbani nikavihesabu. Vilikuwa vitano. Bibi anasema ni panya.